Magamba ya Bibi wa Baharini

Kheir Juma hajawahi kushindwa kwa maneno tangu alipoota meno, na mkewe, Bi Faiza, husema hata hayo meno aliyaota ili apate kubisha vizuri. Ukimwambia leo kuna joto, atakuuliza umelinganisha na siku gani. Ukimwambia basi leo kuna baridi, atakuambia wewe huna damu. Lakini tumpe haki yake: hakubisha ovyo kama wale wanaogombania mpira barazani mpaka mishipa ya shingo ikawasimama. Kheir alibisha kwa ushahidi, na ushahidi wake wote aliutoa matumboni mwa samaki.

Kazi yake ni kupara samaki katika soko la Darajani. Unanunua changu wako mnadani, unampelekea Kheir, unarudi nyuma hatua mbili ili buibui lako lisirukiwe, na kabla hujamaliza kumsalimia jirani yako, samaki keshavuliwa magamba, katolewa matumbo na kakatwa vipande kama unavyotaka. Kifaa chake ni kipande cha ubao kilichopigiliwa vizibo vya soda, pamoja na kisu kilichonolewa mpaka kimebaki wembamba tu. Aliianza kazi hiyo akiwa na miaka ishirini na miwili, akisema ni ya muda mfupi mpaka apate kazi ya maana. Sasa ana miaka hamsini na saba, na kazi ya maana bado haijamtafuta.

Wenzake wakitoa matumbo huyatupa. Kheir huyatazama kwanza. Skuli aliiacha kidato cha pili, lakini amefungua samaki wengi kuliko daktari yeyote alivyofungua watu, na hakuna kitu cha ndani ya samaki asichokijua kimekaa wapi na kinafanya kazi gani. Aliwahi kulitangazia soko zima kwamba chewa huanza maisha yake jike, akishazeeka anakuwa dume. Walimcheka wiki nzima, na mtu mmoja alimshauri akasomewe. Akaja Mwalimu Mumtaz, mstaafu aliyesomesha biolojia miaka thelathini na anayekaa Mkunazini, akasema ni kweli kabisa, imeandikwa. Tangu siku hiyo Kheir alimheshimu Mwalimu Mumtaz kuliko mtu yeyote aliye hai, yaani akikutana naye alimbishia mara moja tu.

Sasa tuje kwenye mkono, maana kisa hiki chote ni kisa cha mkono.

Kheir na Bi Faiza walikaa miaka kumi na mbili bila ya mtoto. Walipokwisha kukata tamaa akaja Nadra, na baada ya Nadra hakuja mwengine. Basi Kheir akaweka nadhiri moyoni kwamba siku ya ndoa ya Nadra ataozesha mwenyewe. Wote tunajua inavyokuwa. Baba humshika bwana harusi mkono, kiganja kwa kiganja, na kusema kwa kinywa chake, "Nimekuozesha binti yangu." Tunajua pia kwamba akina baba wengi hawathubutu, wanaogopa kigugumizi mbele ya watu, kwa hivyo wanamwakilisha sheikh aseme na ashike kwa niaba yao. Kheir alikuwa akiwaona wanaume hao ni waoga. Yeye maneno yale aliyahifadhi Nadra akiwa na miaka mitatu, na wenzake sokoni wanaapa kwamba walimwona mara nyingi akiyafanyia mazoezi huku ameshika pezi la kolekole.

Mwaka jana, mwezi wa mfunguo pili, ikaja posa. Mposaji ni Hamid, fundi umeme wa hoteli moja ya Uroa, kwao Makunduchi. Nadra anauza dawa katika duka moja la Amani, na Hamid aliingia kununua dawa ya kikohozi. Kikohozi kilipona kwa siku tatu, lakini kijana aliendelea kuinunua dawa ile kwa miezi mitatu. Nadra mwenyewe alipoulizwa alitazama chini akasema hana neno, na mtoto wa kike asipokuwa na neno, neno lishakwisha.

Posa kwetu haijibiwi papo kwa papo; kila upande huulizia. Bi Faiza akaulizia kwa njia zake, akarudi na khabari kwamba kijana anasali, halewi, wala hana mke aliyemficha mahali. Upande wa pili nao ukamleta mjini ami yake Hamid, Mzee Machano, mtu mrefu mwenye kanzu iliyopigwa pasi. Aliambiwa baba wa binti yuko Darajani. Akamtafuta kwenye maduka ya vitambaa, akamtafuta kwenye maduka ya viatu, akamtafuta mpaka kwa wauza simu, hadi mtu mmoja akamshika kanzu na kumuelekeza sokoni. Akamkuta Kheir kamkamata pono mkubwa, magamba yamemrukia mpaka ndevuni. Kheir akafuta mkono kwenye aproni na kumpa. Mzee Machano akautazama mkono ule, akarudisha salamu kwa mdomo tu, akaondoka. Kheir akadhani ana haraka.

Siku ya tatu ndipo alipokuja mshenga, Ubwa, mtu mpole ambaye hapendi kuleta khabari mbaya na kwa hivyo hakupaswa kuwa mshenga. Alikunywa kahawa vikombe vitatu kabla ya kufungua mdomo. Akasema posa ipo pale pale, binti amependwa, na sifa zake zimefika Makunduchi kabla yake. Kuna jambo moja tu. Bibi yake Hamid, Bi Sichana, ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, na anaomba kwamba siku ya ndoa baba wa binti amwakilishe sheikh. Mkono wa Bwana Kheir usigusane na mkono wa mjukuu wake.

Kheir akauliza mkono wake una nini.

Ubwa akaomba kikombe cha nne, kisha akaeleza. Ukoo wa kina Hamid hauli samaki mwenye magamba. Wanakula papa, wanakula taa, pweza na ngisi wanakula, lakini changu, pono, tasi na wenzao hawavuki kizingiti cha nyumba yao. Sababu ni kwamba babu wa mababu zao, Mcha, alikwenda kutazama uzio wake wa samaki maji yalipokupwa, akamkuta amenasa mwanamke ambaye kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa samaki. Si nguva yule mnyama anayekula majani ya baharini, maana huyo kila mvuvi anamjua. Huyu alikuwa na uso, na nywele, na haya. Mcha akamchukua nyumbani. Alikaa naye miaka saba, akamzalia mtoto mmoja wa kiume, kisha siku ya bamvua moja kubwa, maji yalipojaa, alirudi alikotoka. Ukoo wote umetokana na mtoto yule, na mpaka leo wanamwita Bibi wa Baharini.

"Kwa hivyo," akasema Ubwa huku akitazama ndani ya kikombe, "samaki wenye magamba kwao ni jamaa. Na Bi Sichana anasema wewe unawavua nguo jamaa zake kila siku, kwa mamia, sokoni, mbele ya wanaume."

Bi Faiza alijiziba mdomo kwa kanga na mabega yakamtikisika. Kisha akamwona mumewe uso wake, akaacha kucheka.

Kwa sababu Kheir aliumia. Mkono ule ndio uliomlisha Nadra, ukamsomesha, ukamnunulia sare na madaftari. Kila jioni aliusugua kwa ndimu mpaka ngozi ikachubuka, ili asiende nyumbani na harufu. Na sasa unaambiwa ukae mbali siku ile ile uliyoingojea miaka ishirini na minne. Bi Faiza akamnasihi: watu wote wanawakilisha, sheikh atasema maneno yale yale, binti ataolewa vile vile. Nadra alikwenda jikoni akawa anaosha sahani ambazo zilikuwa safi. Mtu mwengine angekasirika, akaivunja posa. Mtu mwengine tena angenyamaza. Kheir alimgeukia Ubwa akamuuliza, "Huo mkia wake, ulikuwa umesimama au umelala?"

Ubwa alisema hajui. Basi Kheir akaapa kwamba hatajibu kitu mpaka ajue.

Wiki ile soko la Darajani halikuzungumza jambo jengine. Kheir alitaka kujua ngozi ya watu inaishia wapi na magamba yanaanzia wapi, na je, yanaanza taratibu au kwa ghafla kama ukingo wa ukanda. Alitaka kujua anavuta pumzi kwa kitu gani. Kama kwa mapafu, basi kuzama ni kwa muda tu, lazima apande juu kama pomboo. Kama kwa mashavu ya samaki, basi nyumbani kwa Mcha asingemaliza siku moja, sembuse miaka saba. Mnadi mmoja akasema huenda anavyo vyote viwili, cha nchi kavu na cha baharini. Kheir akamuuliza kifua cha mtu kina nafasi ngapi, mapafu yamo, moyo umo, hayo mashavu utayatundika wapi? Muuza pweza akauliza suala la kuzaa, kwa heshima, maana palikuwa na wanawake karibu. Kheir akasema hilo ndilo suala la maana kuliko yote. Kama huyo bibi alitaga, basi alitaga mayai laki moja kama samaki wengine, na hao ndugu wengine wa ukoo wako wapi? Na Mcha aliyatia wapi mayai yote hayo, mtungini?

Akatokea mmoja akauliza kama ni halali kuliwa. Huyo alifukuzwa na wanawake.

Ijumaa alikuja Mwalimu Mumtaz na tasi wake wawili. Kheir hakuwagusa tasi. Alimweleza kisa chote toka mwanzo, na mwalimu akamsikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kikapu kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akiwasikiliza wanafunzi waliochelewa. Kisha akasema kwamba kiumbe kama huyo hayupo, hakuwahi kuwapo, wala hawezi kuwapo.

Kheir akasema sawa, hilo amelikubali, lakini je, angekuwapo?

Mwalimu Mumtaz alicheka, kisha akafikiri, na mwalimu akishaanza kufikiri umemnasa. Akasema suala la kwanza ni maziwa: aliyenyonyesha si samaki, hata akae baharini maisha yake yote. Suala la pili ni mgongo. Uti wa mgongo wa samaki hupinda kulia na kushoto, ndiyo maana mkia wake umesimama. Wa mnyama hupinda mbele na nyuma, ndiyo maana mkia wa pomboo umelala. Na mnyama wa baharini mwenye mkia uliolala ngozi yake ni laini. "Hakuna anyonyeshaye mwenye magamba ya samaki," akasema. "Lakini Kheir, unakwenda kumposea binti yako mume au kutahini?" Kheir alisema vyote viwili, akawapara tasi wake kwa furaha kubwa.

Jumapili wakaenda Makunduchi, Kheir na Bi Faiza, kwa gari ya jirani. Njiani Bi Faiza alimpa mumewe masharti matatu: asibishe kabla ya chakula, asibishe wakati wa chakula, na baada ya chakula aombe ruhusa.

Bi Sichana alikuwa kikongwe mdogo wa umbo, aliyekaa mkekani barazani kwake na kopo la tambuu pembeni. Meno yalibaki machache, lakini sauti ilibaki yote. Na watu wa nyumbani alisema Kimakunduchi, ambacho Kheir alikisikia nusu kwa nusu. Na wageni alisema kama watu wa mjini. Kheir akamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na mikono yake mwenyewe akaiweka ndani ya kanga ili isije ikaombwa. Hamid alikuwapo, amekaa pembeni na ami yake Machano, jasho linamtoka kama ndiye anayehukumiwa.

Chakula kikaletwa. Ulikuwa mchuzi wa papa mkavu uliopikwa kwa nazi, na ugali wa muhogo. Bi Sichana akapewa bakuli lake peke yake, limejaa, na kila mtu pale alijua kwamba papa kwa bibi huyu si kitoweo tu. Alimla mchana, alimla usiku, na alipougua mwaka wa juzi, watu wakakaa naye wakimsomea, alifumbua jicho moja akauliza kama kuna papa. Alikuwa akikilainisha kipande kwa ufizi, polepole, kwa raha zake, alipoanza mwenyewe kumsimulia Kheir khabari za Bibi wa Baharini.

Alisimulia vizuri. Alisema bibi huyo alikuwa akikaa mkekani hapa hapa, mkia kaukunja mbele yake, mtoto kampakata juu yake, anamnyonyesha. Miaka miwili kamili alimnyonyesha.

Kheir akasahau masharti yote matatu.

Hakupiga kelele, hilo tumsifu. Akauliza kwa adabu kama ni kweli mkia aliukunja mbele. Bi Sichana akasema mama yake alimwambia hivyo, na mama yake aliambiwa na mama yake. Basi Kheir akachukua kawa lililofunikia ugali akaliweka kando, akasogea, na akaanza. Alieleza mgongo wa samaki, unavyopinda huku na huku na usivyoweza kupinda mbele hata ukiuvunja. Alieleza maziwa. Alieleza pumzi na mapafu. Alikwenda hatua kwa hatua, kidole kwa kidole, na Hamid akaanza kuinua kichwa, na hata Mzee Machano akasema kwa sauti ndogo kwamba jambo hili lina akili. Mwisho Kheir akafika alipotaka kufika. Bibi wa Baharini hakuwa na gamba hata moja. Ngozi yake ilikuwa laini tupu. Kwa hivyo changu si jamaa, pono si jamaa, na mkono huu tangu ulipoanza kazi haujamvua nguo mtu yeyote wa ukoo huu.

Pale pale angenyamaza, kisa kingekwisha. Bi Sichana alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri, na uso wake ulikuwa wa mtu anayekaribia kukubali. Bi Faiza akambana mumewe ubavuni. Lakini Kheir alikuwa amebakiwa na jambo moja analolijua, na jambo analolijua Kheir haliwezi kulala ndani. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na hawakumaliza kusema, Kheir keshajikwaa.

Akasema kwamba kuzaa kwa bibi huyo nako si ajabu. Hata baharini wapo wasio na magamba wanaozaa watoto hai. Papa, kwa mfano. Yeye mwenyewe amewahi kumpasua papa akamtoa watoto tumboni, wazima, wanachezacheza, kila mmoja na kitovu chake.

Bi Sichana akaacha kutafuna.

"Hana magamba," akasema.

"Hana," akasema Kheir.

"Na anazaa."

Kheir akaanza kuona anakokwenda, lakini alikuwa kachelewa. Bi Sichana alitoa kipande kinywani, akakitazama kiganjani mwake. Hakulia. Ingekuwa nafuu kama angelia. Alikiweka kile kipande ukingoni mwa bakuli, akalisukuma bakuli mbali kidogo, akafuta vidole kwenye kanga kimoja kimoja.

"Miaka themanini na mbili," akasema. "Basi nliyekuwa nikimla ni huyu."

Kheir alijaribu kusema kwamba papa ni samaki vile vile, kwamba hanyonyeshi, kwamba mkia wake umesimama. Lakini maneno hayo aliyasema kwa sauti ya mtu anayemwaga maji kwenye nyumba iliyokwisha kuungua. Bi Sichana hakuwa akisikiliza habari za mikia. Alikuwa akilitazama bakuli. Na Kheir, ambaye maisha yake yote aliangalia ndani ya samaki, kwa mara ya kwanza siku ile akaangalia mtu. Aliona kikongwe mwenye meno manne, ambaye mume kafa, binti kafa, macho yanakwenda, na katika dunia hii amebakiwa na mjukuu mmoja na bakuli la papa. Mjukuu anakuja kuchukuliwa na binti yake Kheir. Papa kachukuliwa na Kheir mwenyewe, hivi sasa, kwa hoja.

Na hoja ilikuwa nzuri. Hilo ndilo lililomuuma. Hajawahi kujenga hoja nzuri kama ile, na mkono wake ulikuwa umetoka humo msafi, umeshinda.

"Bi Sichana," akasema, "mimi nimekosea."

Bi Faiza aligeuka kumtazama, maana katika miaka thelathini na sita ya ndoa neno lile hakuwahi kulisikia.

Kheir akaendelea, na kila sentensi ilimtoka kama mwiba wa samaki kooni. Akasema bibi yao alikuwa na magamba. Tena makubwa, kama ya pono. Kuukunja mkia mbele kunawezekana, alisahau tu, wako samaki wenye migongo laini. Maziwa je? Maziwa ni amri ya Mungu, na Mungu akitaka hata jiwe litatoa maziwa. Papa hahusiki, papa ni papa tu, hana ujamaa na mtu. "Kwa hivyo kula chakula chako, bibi. Na mkono wangu una hatia kama ulivyosema. Ntamwakilisha sheikh."

Bi Sichana akalivuta bakuli, akachukua kile kipande, akakirudisha kinywani, akakitafuna mpaka kikaisha. Hakuharakishwa na mtu.

"Wewe mwongo," akasema alipomaliza.

"Naam, bibi."

"Hakuna samaki mwenye mgongo laini."

"Hakuna."

"Umetoka mjini kuja kuutetea mkono wako. Umenshinda, nshakaa kimya, kila mtu kaona. Kisha umeutupa kwa ajili ya mchuzi wangu." Akachukua kipande kingine. "Mwanangu marehemu, mama yake Hamid, angenfanyia hivyo. Hawa waliobaki hawanfanyii."

Kheir hakuwa na jibu, nalo ni jambo la pili ambalo Bi Faiza hakuwahi kulishuhudia.

Bi Sichana akamgeukia Hamid, akamwambia kwa Kimakunduchi maneno machache, haraka, na kijana akainama akaubusu mkono wake. Mzee Machano ndiye aliyewafasiria wageni. Bibi anasema mkono utashika. Magamba anabaki nayo, mwiko anabaki nao, na papa anabaki naye, na asije mtu tena hapa na elimu wakati watu wanakula. Lakini mkono wenyewe uoshwe kwa ndimu, siku tatu, na yeye atataka kuunusa.

Akaunusa kweli. Asubuhi ya ndoa, kabla wanaume hawajaingia msikitini, aliletwa kwa gari mpaka mlangoni. Akateremsha kioo, akauvuta mkono wa Kheir ndani ya gari kama anayechagua embe, akaunusa kiganjani, akaunusa baina ya vidole, akasema bado kidogo unanuka, lakini basi.

Ndani ya msikiti Kheir alikaa mbele ya Hamid, goti kwa goti. Sheikh alikuwa pembeni, tayari kumsaidia akikwama. Kheir aliupokea mkono wa kijana, na hapo maneno aliyoyahifadhi miaka ishirini na moja yakamtoka kichwani yote. Sheikh akayasema taratibu, Kheir akayafuata moja moja, mtu aliyewazima wanadi wa Darajani sasa anarudia maneno kama mtoto wa chuo cha Kurani. Hamid akajibu kwamba amekubali. Watu wakaitikia, dua ikaombwa, haluwa ikaanza kupitishwa, na watu wakaanza kuinuka kupeana hongera.

Wale wawili walikuwa wamekaa pale pale. Hamid, kwa adabu, hakuthubutu kuuvuta mkono wake. Sheikh akainama, akamwambia Kheir sikioni kwamba ndoa imeshapita. Kheir akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia, machozi yakimteremka mpaka ndevuni, na hakuachia. Sheikh akangoja kidogo, kisha akamwambia tena.

"Bwana Kheir, mwachie kijana mkono. Kashaoa."

Na Kheir, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa akibisha. Alikuwa hawezi tu.